Pua Yangu na Sufuria Zilizofunikwa

Agosti iliyopita dada yangu wa Kondele, Kisumu, alipanda matatu na binti yake wakaja kwangu Nakuru. Tulisema ni likizo. Usiku mtoto alipolala, dada akanieleza kilichomleta. Binti ana miaka 9. Amekataa kukaa dawati moja na mwenzake kwa sababu eti ananuka chuma. Amemwambia mwalimu mbele ya darasa kwamba shati alilovaa ni la jana. Kiporo hakigusi, hata ukikipasha moto mara tatu.

"Ni wewe mtupu," dada akasema. "Sasa niambie ukweli. Hiki ni kipaji au ni mkosi?"

Sikumjibu usiku ule. Nimeishi na pua hii zaidi ya miaka 40, imenilisha na imenifukuzisha nyumbani, na bado nilikosa neno la kumpa. Haya ninayoyaandika ni jibu ambalo ningetaka mtu ampe mama yetu wakati ule, kabla sijafanya makosa niliyoyafanya. Anayelea mtoto wa namna hii, awe ni wa pua, wa sikio au wa kumbukumbu, huenda akaokota kitu.

Mama yetu alikuwa muuza samaki soko la Kibuye, Kisumu. Aliuza omena hasa, yaani dagaa, na ngege, ambao wengine huwaita perege, siku mtaji uliporuhusu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, asubuhi ikaanikwa juani juu ya nyavu. Msimu wa mvua jua halitoshi, na hapo ndipo hasara huanzia: omena inakuwa kavu kwa nje huku ndani imeshaanza kuharibika, na kwenye gunia inachanganywa na nzuri. Mnunuzi huchota kiganja cha juu, akatazama, akalipa. Akifika kwenye kibanda chake akimimina anakuta nusu ni ya kuuzia watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Nilikuwa na miaka sita hivi mama alipogundua kwamba sihitaji gunia limiminwe. Nilisogea, nikavuta hewa pale kwenye mshono, nikamwambia, "Hili chini lina maji." Wakafungua, ikawa kweli. Baada ya hapo nilikuwa naamshwa saa kumi na moja alfajiri kabla ya shule kwenda kunusa magunia. Akina mama wengine wakaanza kuniita, na malipo yakawa mandazi mawili, wakati mwingine gorogoro nusu ya omena ya kupeleka nyumbani. Mama aliringa na mimi. Najua kwamba kuna mihula karo ilitoka puani mwangu, na hilo nalihesabu kuwa baraka bila kusita.

Lakini siku moja nilisema kwa sauti. Mfanyabiashara mmoja, ambaye alikuwa akimpa mama mali kwa mkopo na kulipwa jioni, alishusha magunia matano mbele ya wateja wake wote. Nikasema mawili ni mabovu. Yalikuwa mabovu kweli. Hakumpa mama mkopo tena tangu siku ile, na miezi mitatu iliyofuata tulikula mara moja kwa siku. Jioni ile mama hakunichapa. Alinikalisha akaniambia, "Nyathina (yaani mwanangu), ukinusa kitu, nifinye mkono. Usiseme. Mimi nitajua la kufanya."

Nifinye, usiseme. Lilikuwa funzo kamili, na lau ningelishika vizuri ningeepuka mengi.

Gharama nyingine hazikuonekana na watu. Choo cha shule kilinifanya nikae bila kunywa maji kutoka asubuhi hadi saa kumi. Matatu iliyojaa ilinipa kichwa cha kupasuka, nikifika nalala. Chakula cha msibani kilinishinda na nikaitwa mwenye madaha. Mzazi ukiona mtoto anakataa hiki na kile, mwulize ananusa nini kabla hujamwita mdeka.

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 14. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, madebe yamepangwa, watu kama ishirini. Mbele yangu alisimama mama jirani, mwanamke mwenye roho safi aliyewahi kunisuka nywele bila kuchukua senti. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimesikia pumzi yake imebadilika. Ilikuwa tamu tamu, kama nanasi lililopitiliza, na ndani yake mna ukali wa ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Alipogeuka kunisalimia nikamwambia, hadharani, kwa sauti ya mtoto aliyezoea kusifiwa: "Mama, unanuka kama mgonjwa. Kuna kitu kinakuoza ndani."

Watu walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Yeye alishika debe lake akaondoka bila maji.

Siku ya tisa alianguka, akakimbizwa hospitali. Walimkuta na sukari iliyopanda vibaya sana. Alipona, mshukuru Mungu, lakini tangu hapo anaishi kwa sindano. Leo najua nilichokisikia. Mwili ukikosa insulini hushindwa kutumia sukari, ukaanza kuchoma mafuta kwa wingi, na mafuta hayo yakiungua hutoa asetoni inayopitia kwenye pumzi. Ni asetoni hiyo hiyo iliyomo kwenye dawa ya kucha. Hakukuwa na kitu kinachooza. Kama mtu mzima mmoja angemshika mkono akampeleka kupimwa tone la damu kidoleni siku ile ya foleni, labda asingeanguka kabisa.

Ila mtaani hakuna aliyesikia habari za asetoni. Walichosikia ni kwamba mtoto alimwambia mtu ataugua, na mtu akaugua. Kwetu Wajaluo kuna kitu kinaitwa sihoho: jicho la mtu ambaye akikuona unakula, tumbo linakushika. Wanasema jambo hilo hutembea kwenye damu ya ukoo. Ndani ya wiki mbili nikawa jasihoho. Nikipita, akina mama waliokuwa wakipika nje walivuta vifuniko wakafunika sufuria. Hawakunitukana wala kunipiga. Walifunika tu. Mpaka leo nikisikia mfuniko ukigonga sufuria, kuna kitu kinashtuka ndani yangu.

Wateja wa mama wakapungua. Alivumilia mpaka mwisho wa mwaka, kisha akanipeleka Nakuru kwa waya, dada yake baba. Waya alinipokea na sharti moja: habari za pua zisitajwe nyumbani kwake.

Miaka ya sekondari naipita. Nilinyamaza, nikasoma. Mwaka 2005 nikapata nafasi ya mafunzo ya maziwa kwenye chuo cha maziwa kilichoko Naivasha, na huko kwa mara ya kwanza maishani nikafundishwa kunusa kama kazi. Mwalimu alitwambia kwamba kipimo cha kwanza cha maziwa yanapofika kituoni ni pua. Unafungua mkebe, na papo hapo, kabla hewa iliyojikusanya juu haijatoweka, unanusa. Kisha unatazama rangi na uchafu, unagusa mkebe kujua kama ni wa moto. Baada ya hapo ndipo vinakuja vipimo vyenyewe. Laktomita inaonyesha kama yameongezwa maji. Alkoholi unaichanganya na maziwa kiasi sawa kwa sawa, na yakiganda vipande vipande, yameanza kuchachuka au yana kasoro nyingine, hayafai kuchemshwa kiwandani. Nililia darasani. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Nikaajiriwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa magharibi ya Nakuru, upande wa nyanda za juu ambako asubuhi pumzi yako unaiona. Wakulima walileta maziwa kwa punda, kwa baiskeli, kwa boda boda, na mimi niliwapokea mlangoni. Kabla sijafungua mkebe vizuri nilikuwa nimejua ng'ombe amelishwa majani ya kabichi au amelala kwenye zizi chafu. Nikasifiwa tena. Na sifa ile ile ya Kibuye ikaniangusha tena.

Ilikuwa 2009. Mzee mmoja alileta jerikeni nyuma ya boda boda, maziwa lita 12 kwenye jerikeni la lita 20. Nikafungua, nikapata harufu ya sabuni, chachu, kitu cha mafuta yaliyokaa. Alkoholi haikugandisha. Laktomita ilikuwa sawa. Ningeweza kumwita pembeni. Badala yake nikamwambia mbele ya foleni nzima, "Mzee, ng'ombe wako ana ugonjwa wa kiwele. Usiyalete hapa mpaka atibiwe."

Mzee alirudi nyumbani na maziwa yake. Majirani waliokuwa wakinunua kwake jioni wakaacha siku hiyo hiyo. Akaita mtaalamu wa mifugo, akalipa. Mtaalamu akaja na ile sahani ya vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, akakamulia humo na kutia dawa. Maziwa ya ng'ombe mgonjwa huvutika kama uji wa mlenda. Ya mzee hayakubadilika. Ng'ombe alikuwa mzima kabisa.

Kilichokuwa kimetokea nilikijua wiki iliyofuata, baada ya kumwuliza mwalimu wangu wa zamani kwa simu. Maziwa mabichi yakisukwasukwa sana, hasa kwenye chombo kisichojaa, chembe za mafuta hupasuka, na mafuta yakianza kuvunjika huleta harufu ile ya sabuni. Barabara ya kwake ilikuwa na mashimo kilomita saba. Jerikeni lilikuwa na nafasi ya lita nane ya kuchezea. Dawa yake ilikuwa kuleta maziwa kwenye mkebe wa alumini uliojaa, au kuendesha pole pole.

Nilisimamishwa wiki mbili bila mshahara. Nilimlipa mzee pesa ya mtaalamu, shilingi 1,500, na ya maziwa aliyomwaga. Alizipokea, akanitazama, akasema, "Binti, mimi nimefuga miaka 30. Ungeniuliza." Neno hilo lilinichoma kuliko barua ya kusimamishwa.

Nikiwa nyumbani wiki zile mbili nililiona jambo ambalo ningepaswa kuliona tangu foleni ya maji. Pua yangu haikuwa imekosea, kwa mama jirani wala kwa mzee. Kila mara ilisikia kitu cha kweli. Aliyekosea ni mdomo, uliokipa kitu hicho jina. Pua inaniambia "kuna jambo". Haijawahi kuniambia ni jambo gani. Hilo naliongeza mimi, kwa haraka, kwa sababu watu wamesimama wanangoja. Hata ile pumzi ya asetoni: mtu aliyefunga kula siku mbili kwa maombi anaweza kuwa nayo, na hana sukari.

Niliporudi kazini nilinunua daftari. Upande mmoja niliandika pua imesema nini, upande wa pili vipimo vimesema nini. Niliwaomba wenzangu wanijaribu: wanamimina maziwa kwenye vikombe vilivyofunikwa, wanavipa namba, mimi sijui yapi ni ya nani. Miezi mitatu, mara 61. Nilikosea mara 9. Inaonekana ni kidogo, lakini kila kosa moja lingekuwa mzee mmoja anayerudi na maziwa nyumbani. Na makosa yenyewe yalikuwa na mpangilio: nikiwa na mafua, nikiwa na njaa kali, nikiwa nimekaa karibu na mtu aliyejipulizia manukato. Nisingejua bila daftari. Kama una kipaji chochote watu wanachokutegemea kwacho, tafuta mtu akujaribu ukiwa hujui jibu, na uandike hasa pale ulipokosa.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Joy Milne wa Scotland. Aligundua harufu ya mumewe imebadilika, na zaidi ya miaka kumi ikapita kabla madaktari hawajamwambia ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Baadaye akakutana na wagonjwa wengine wakiwa na harufu ile ile. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Tilo Kunath, akampa fulana 12, sita zilizovaliwa na wagonjwa na sita na watu wasio wagonjwa. Joy aliwatambua wagonjwa wote sita, lakini akang'ang'ania kwamba mmoja wa wale wazima naye anao. Wakahesabu hilo kuwa kosa. Baada ya miezi minane hivi mtu huyo aligunduliwa kuwa nao. Niliisoma habari hiyo mara nne. Joy alikuwa muuguzi, akapata mtu wa kumwuliza swali na kumpa fulana za kunusa. Mimi nilipata majirani wanaofunika sufuria. Sisemi kwa uchungu. Nasema kwa sababu pua zetu zinaweza kuwa sawa, tofauti ikawa ni nani aliyekuwa karibu siku ulipofungua mdomo.

Na si lazima twende Scotland. Morogoro, jirani zetu hapa Tanzania, panya buku wanafundishwa kunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Lakini mgonjwa haambiwi lolote kwa sababu panya amekwaruza. Sampuli aliyoionyesha inarudi maabara kuthibitishwa. Hata panya aliyefundishwa miezi mingi hapewi neno la mwisho.

Machi 2021 nikaugua korona. Homa ilikuwa ya siku nne. Siku ya tano niliinuka nikaenda jikoni na sikusikia chochote. Nilifungua karafuu, nikafungua mafuta ya taa. Hakuna kitu.

Nitasema ukweli ambao nauonea aibu kidogo: wiki ya kwanza nilifurahi. Nilikaa bila kuumwa kichwa. Nilikula chakula cha jana. Nilijiambia hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi, na ni raha. Wiki ya pili nilimbeba mwanangu mdogo, nikaweka pua kwenye utosi wake kama nilivyofanya kila usiku, na nikambeba kama mtoto wa mtu mwingine. Nililia mpaka mume wangu akaogopa. Tarehe 26 mwezi huo kaunti tano zilifungwa, Nakuru ikiwemo, kwa hiyo mama hakuweza kuja kutoka Kisumu. Alinipigia kila jioni. Kituoni nilihamishwa kutoka mlangoni nikawekwa kwenye vitabu vya hesabu, na posho ya alfajiri ikaondoka.

Anayepitia haya asikae tu kungoja. Kuna mazoezi ya pua yaliyoanzishwa na daktari Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009: harufu nne, ambazo ni waridi, mkaratusi, limau na karafuu, unanusa moja moja kama sekunde 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Mimi nilitumia karafuu za sokoni, ganda la limau, majani ya mkaratusi ya kando ya barabara, na mafuta ya waridi, ambayo ndiyo pekee yaliyokuwa ghali. Unaponusa unajikumbusha harufu hiyo ilikuwaje. Inachosha, na majuma mengi huoni tofauti. Mwezi wa tano harufu zilianza kurudi zikiwa zimepinda: kahawa ilinuka mpira unaoungua, omena sikuweza kuikaribia. Nilidhani nimeharibika zaidi. Kumbe kwa wengi kupinda huko ni sehemu ya njia ya kurudi. Leo nina labda nusu ya pua niliyokuwa nayo. Mlangoni kituoni nimerudi, nikiwa na vipimo vyangu, na daftari bado naandika.

Mwaka uliofuata nilikwenda Kisumu, nikaenda kumsalimia mama jirani. Amezeeka, anajidunga mwenyewe, ana wajukuu. Nilimwomba msamaha kwa lile neno "kinakuoza". Alinishika mikono yote miwili akasema nilikuwa mtoto, yameisha. Tuliongea vizuri hadi jua likashuka. Sufuria jikoni ilikuwa imefunikwa, na haikufunuliwa mpaka nilipoaga. Nimekubali kwamba kuna vitu vya aina hiyo havirudi.

Turudi kwa binti wa dada. Alikaa kwangu wiki tatu. Sikumwambia ana kipaji, wala sikumwambia ana mkosi. Tulicheza mchezo wa vikombe, na alipokosa tuliandika alipokosa. Nilimnunulia leso na chupa ndogo ya mafuta ya limau ya kuweka mfukoni kwa ajili ya choo cha shule na matatu. Nilimfundisha kusema "nasikia harufu fulani" na si "wewe unanuka". Na nilimpa lile la mama yangu: finya mkono wa mtu mzima unayemwamini, mwambie sikioni, halafu mtu mzima huyo apeleleze.

Siku tatu kabla hajaondoka nilikuwa na wageni, akina mama wanne wa chama, sebule imejaa na chai iko mezani. Akaja kutoka uani, akasimama kando yangu, akanifinya mkono. Niliinama.

"Mama Mdogo," akaninong'oneza, "jikoni kuna harufu kama ya yai bovu. Sijui ni nini."

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Niliomba radhi, nikaenda, nikafunga mtungi wa gesi, nikafungua madirisha yote. Gesi yenyewe haina harufu, hutiwa hiyo makusudi ili watu wajue. Baadaye nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, nikafungua mtungi kidogo tu, na karibu na kibano povu likaanza kuvimba, vipovu vidogo vidogo. Tulichuchumaa wawili tukiviangalia, yeye ameziba pua kwa leso yake, mimi nikivihesabu.